Redio ya watu si mahali pa kujaribia mashini

UVIRA, Kivu ya Kusini – Mama anayepanda chombo bandarini Kalundu kwenda Baraka na watoto wake haulizi kama chombo hicho ndicho kipya kuliko vyote ziwani. Anauliza kama kinavuja. Naye mjenzi wa mitumbwi, hata awe na kiburi namna gani, hapakii familia za watu kwenye mtumbwi ambao haujaguswa na maji. Anausukuma kwanza yeye mwenyewe, karibu na ufuo, siku isiyo na upepo.

Kwenye kompyuta busara hiyo inasahaulika haraka. Fundi anaitwa kusasisha mashini ya redio, ya kamati ya wakimbizi wa ndani, au ya duka la fotokopi ambako watu huandikisha barua zao. Badala ya kuweka toleo thabiti, anaweka toleo la majaribio, kwa sababu namba yake ni kubwa zaidi na sura yake inapendeza. Akiulizwa kwa nini, anajibu: “Ni mpya.” Jibu hilo halitoshi, na wakaaji wa Uvira wana haki ya kulikataa.

Kilichomo ndani ya mashini

Wasikilizaji wengi wanaijua redio kwa sauti tu. Hawaoni kwamba nyuma ya sauti ile mara nyingi kuna kompyuta moja au mbili, zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, zinazopanga matangazo, kuhifadhi sauti zilizorekodiwa na kuzipeleka kwenye mtambo. Humo ndani kunaweza kuwa na tangazo la mtoto aliyepotezana na wazazi njiani. Kuna taarifa ya mahali pa kupata maji yenye klorini wakati wa kipindupindu, ugonjwa ambao Uvira inaujua kwa miaka mingi. Kuna habari kama barabara ya kwenda Sange inapitika au haipitiki leo.

Mji huu hauhitaji kuelezwa habari kama hizo zina uzito gani. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, nyumba zikabomoka na watu wakafa. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, familia nyingi zilishuka bonde la Ruzizi kuelekea Uvira, na nyingine zikavuka hadi Burundi. Desemba ya mwaka huo huo vita vikafika Uvira yenyewe. Katika siku za namna hiyo, mashini inayokataa kuwaka saa kumi na mbili asubuhi si shida ya fundi peke yake. Ni shida ya mama aliyekaa kambini na redio ndogo ya betri sikioni, akingoja kusikia jina la mwanawe.

Hapo ndipo ubishi wote ulipo. Fundi anayeweka toleo la majaribio kwenye mashini ya namna hiyo hachezi na mali yake. Anachukua hatari na kuwabebesha watu ambao hawakuulizwa.

Matawi mawili, kazi mbili

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Windows ni mmoja. Linux nao una aina nyingi, na zinazotumika sana ni pamoja na Debian na Ubuntu. Wanaoitengeneza mifumo hiyo hawaachi kazi hata siku moja: wanaongeza vitu, wanarekebisha makosa, wanabadilisha walichokiweka jana. Kwa hiyo kazi yao huigawa matawi. Tawi moja ni la maendeleo, ambamo mambo mapya huingia na kujaribiwa. Jingine ni thabiti, ambamo hakuna kinachoingia ila marekebisho yaliyo ya lazima.

Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, inaonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko wengine. Ina rafu tatu: thabiti, ya majaribio, na isiyotulia. Programu mpya huanzia kwenye rafu isiyotulia. Ikikaa siku kadhaa bila kosa kubwa kuonekana, huhamia kwenye rafu ya majaribio. Kila baada ya miaka miwili hivi, rafu hiyo ya majaribio hufungwa, makosa husakwa kwa miezi, kisha hutangazwa kuwa toleo thabiti. Debian 12 ilitoka hivyo tarehe 10 Juni 2023, na Debian 13 tarehe 9 Agosti 2025. Rafu isiyotulia ina jina la kudumu, Sid. Limetoka kwenye filamu ya Toy Story, ambamo Sid ni mtoto wa jirani anayevunjavunja midoli. Waliochagua jina hilo walijua walichokuwa wakisema.

Ubuntu ulianza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake kila msemaji wa lugha ya Kibantu analielewa bila kamusi. Huo nao una namna mbili. Kila miaka miwili, mwezi wa Aprili, hutoka toleo la muda mrefu lenye herufi LTS, kama 24.04 la mwaka 2024, ambalo hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka 5. Katikati, kila miezi sita, hutoka matoleo ya kupita, ambayo huhudumiwa miezi 9 tu na kuachwa. Anayeweka toleo la kupita kwenye mashini ya redio anajiwekea miadi ya kurudia kazi ile ile kabla mwaka haujaisha.

Windows nayo ina mpango wake wa majaribio uitwao Insider, wenye njia kadhaa. Yule anayejiunga na njia za mbele kabisa, akitaka kurudi kwenye Windows ya kawaida, kwa kawaida hulazimika kufuta kila kitu na kuanza upya.

Majina nayo yana mitego. FreeBSD, mfumo mwingine unaopendwa kwenye mashini za kuhudumia mitandao, una tawi liitwalo STABLE, yaani thabiti. Hata hivyo mwongozo wao unaeleza wazi kwamba hilo nalo ni tawi la maendeleo, na mtumiaji wa kawaida anaelekezwa kwenye toleo liitwalo RELEASE. Fundi anayesoma jina bila kusoma maelezo anaweza kudhani amechagua usalama kumbe ameingia kwenye karakana.

Thabiti si ya kizamani

Hoja ya kwanza ya wapenda mapya ni kwamba toleo thabiti limezeeka. Hoja hiyo inasikika nzuri, lakini imekosea mahali pamoja. Kwenye tawi thabiti, namba ya programu inaweza kubaki ile ile kwa miaka miwili, wakati tundu la usalama lililogunduliwa wiki hii limekwisha kuzibwa ndani yake. Wahudumu wa Debian huchukua dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya programu mpya na kuitia kwenye programu ya zamani, bila kugusa mengine. Mwenye kuangalia namba tu anaona uzee. Mwenye kuangalia orodha ya marekebisho anaona mashini inayotunzwa.

Kinyume chake ndicho kinachoshangaza wengi. Debian yenyewe inaonya kwamba rafu ya majaribio haipati marekebisho ya usalama kwa haraka kama rafu thabiti. Timu ya usalama kwanza inahudumia toleo thabiti. Dawa kwa rafu ya majaribio inaweza kuchelewa, kwa kuwa lazima ipitie rafu isiyotulia kwanza na kungoja zamu yake. Kwa hiyo anayekimbilia huko kwa jina la usalama amekimbilia upande usio.

Hoja ya pili ni kwamba toleo thabiti halitambui vifaa vipya, kama kadi ya Wi-Fi au kadi ya sauti iliyonunuliwa juzi. Hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ina dawa ndogo kuliko kubadilisha mfumo mzima. Debian ina ghala la pembeni liitwalo backports, ambamo kiini kipya na programu chache mpya huandaliwa kwa ajili ya toleo thabiti. Ubuntu LTS nao hutoa kiini kipya kwa mashini mpya. Mtu ambaye mlango mmoja wa nyumba yake umekwama hahamii kwenye nyumba ambayo bado inaezekwa.

Mega, umeme na njia ya kurudi

Labda mtu wa Nairobi au wa Brussels, mwenye umeme usiokatika na intaneti isiyohesabiwa, anaweza kujifurahisha na tawi la maendeleo na asiumie sana. Uvira hesabu ni nyingine.

Kwanza ni mega. Tawi la maendeleo hubadilika kila siku, na kulifuata ni kupakua programu upya tena na tena. Mara nyingi ni mamia ya mega kwa muda mfupi, na mega hizo hununuliwa. Tawi thabiti huleta marekebisho madogo ya usalama, na kila miezi miwili hivi huyakusanya pamoja. Kwa redio inayoishi kwa matangazo ya vifo na harusi, tofauti hiyo ni mafuta ya jenereta.

Pili ni umeme. Kusasisha mfumo ni kubomoa na kujenga ndani ya diski. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashini inaweza kubaki nusu ya zamani, nusu mpya, na isiwake tena. Anayesasisha mara chache na kwa kiasi kidogo anakutana na hatari hiyo mara chache. Anayesasisha kila juma vitu vizito anaialika.

Tatu ni njia ya kurudi. Debian hairuhusu kwa urahisi kushuka kutoka rafu ya majaribio kwenda rafu thabiti, na wahudumu wake hawaahidi kwamba itafanikiwa. Anayetaka kurudi lazima afute na kusimika upya. Hapo ndipo maktaba ya sauti, orodha za majina na barua za watu hupotea, ikiwa hakuna nakala.

Simu nazo zimo katika hesabu hiyo. Anayejiunga na Android ya majaribio, kisha akataka kutoka kabla toleo halijakamilika, hupoteza yote yaliyomo kwenye simu. Kwa familia iliyokimbia nyumba, simu ndiyo yenye picha za watu waliobaki, namba za ndugu walio Burundi au Tanzania, na pesa kidogo zilizotumwa. Hakuna rangi mpya ya skrini inayolingana na hasara hiyo.

Mambo ya Machi 2024

Anayedhani maneno haya ni woga wa wazee na akumbuke yaliyotokea dunia nzima mwezi Machi 2024. Kuna programu ndogo iitwayo XZ, kazi yake kubana mafaili, na iko karibu kila mahali kwenye Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameifanyia kazi kwa muda wa miaka miwili hivi, hadi akaaminiwa. Kisha akatia mlango wa siri katika matoleo mawili mapya, 5.6.0 na 5.6.1. Mlango huo ulilenga programu ambayo mafundi huitumia kuingia kwenye mashini za mbali. Mwenye ufunguo angeingia bila ruhusa.

Matoleo hayo mawili yalikuwa yameingia wapi? Yalikuwa yameingia kwenye rafu ya majaribio na rafu isiyotulia ya Debian, na kwenye matawi ya maendeleo ya Fedora. Debian thabiti haikuguswa. Ubuntu LTS za wakati ule hazikuguswa. Waliochagua upole walilala usingizi usiku ule. Waliokimbilia mapya waliamka na kuanza kusafisha mashini zao.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima kasi ya programu kwenye mashini yake ya Debian isiyotulia. Aliona kuingia kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Haki itendeke hapa: kama asingekuwako mtu kwenye tawi la maendeleo, mlango ule huenda ungefika hadi kwenye matoleo thabiti. Wajaribu wanastahili shukrani. Lakini Freund alijua yuko wapi. Mashini ilikuwa yake, ujuzi ulikuwa wake, na hakuna mgonjwa wala mkimbizi aliyekuwa akiitegemea asubuhi ile.

Hata lililotangazwa lingojewe kidogo

Kuna somo jingine, la Windows. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10. Siku chache baadaye ililisimamisha, kwa sababu baadhi ya watu waliolipokea walikuta mafaili yao yamefutwa: hati, picha, vyote. Toleo lililorekebishwa lilitoka tena Novemba. Lenye kuuma zaidi ni kwamba baadhi ya wajaribu walikuwa wamekwisha kuripoti kosa hilo mapema, ila ripoti zao zilizama kati ya nyingine nyingi.

Sasisho lile halikuwa la majaribio. Lilikuwa rasmi. Kwa hiyo fundi mwenye akili hachagui tawi thabiti tu. Hata kwenye tawi thabiti, toleo kubwa likitoka huwaachia wengine wiki za kwanza. Ubuntu wenyewe hufanya hivyo. Toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024, lakini wenye LTS ya kabla yake hawakualikwa kupanda mpaka toleo dogo la kwanza la marekebisho, 24.04.1, lilipotoka mwishoni mwa Agosti. Kama watengenezaji wanawangojesha wateja wao miezi minne, fundi wa Uvira anakimbilia nini?

Wasiosasisha kabisa nao wana hatia

Kuna watakaosoma haya na kufurahi: “Basi sisi tuko salama, mashini yetu haijaguswa tangu ilipofika.” Hapana. Thabiti si kulala. Mashini isiyosasishwa kabisa ni kama chandarua chenye tundu. Mwenye nyumba analala akidhani amejikinga.

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikifunga mafaili ya watu na kudai pesa. Hospitali za Uingereza zilizuiwa kufanya kazi zao. Dawa ya tundu lile Microsoft ilikuwa imekwisha kuitoa tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Walioumizwa wengi ni wale ambao hawakuiweka.

Jambo hili ni la leo pia. Huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye nyongeza ya muda, mashini hizo hazipati tena dawa za usalama. Nyingi haziwezi kupanda Windows 11, kwa kuwa hiyo inadai prosesa za karibuni na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Anayetumia nakala ya wizi ya Windows, ambayo masasisho yamezimwa makusudi ili isigunduliwe, yuko pabaya zaidi. Hapo Linux iliyo thabiti ni njia ya heshima, na haina bei.

Hata hivyo kuna tahadhari kwa wenye mashini kongwe kabisa, zile za biti 32. Debian 13 haina tena kiini wala kisimikaji kwa ajili yao. Kwa mashini hizo Debian 12 ndiyo ya mwisho, na huduma yake ya muda mrefu imepangwa kufika Juni 2028. Muda upo wa kutafuta nyingine, lakini si muda wa milele.

Kijana na mashini yake

Hakuna anayewakataza vijana kujaribu. Mji ambao vijana wake hawajaribu kitu utabaki kuita fundi kutoka mbali kila skrini ikizima. Mwanafunzi wa kompyuta mwenye mashini yake na aweke Sid leo jioni, aivunje, aijenge, aivunje tena. Akikuta kosa, aliandike na kulituma kwa watengenezaji. Hivyo ndivyo matoleo thabiti yanavyopatikana, na siku moja jina la mtu wa Uvira litakuwa kati ya waliorekebisha.

Lakini afanye hivyo kwenye mashini ambayo ikifa, anayelia ni yeye. Au aweke mashini ya kuigiza ndani ya mashini, kwa programu kama VirtualBox, ambayo ikiharibika hufutwa bila kugusa kitu. Ujuzi wa fundi hauonekani kwa namba ya toleo aliloweka. Unaonekana mwaka mmoja baadaye, pale redio inapofungua matangazo kila asubuhi na hakuna anayekumbuka kwamba kuna kompyuta nyuma yake.

Maswali ya kumuuliza fundi

Wakurugenzi wa redio, viongozi wa kamati na wenye maduka si lazima wajue kompyuta. Wanachohitaji ni kuuliza maswali machache kabla ya kukabidhi mashini, na kutolipa mpaka wajibiwe.

La kwanza: toleo hili, watengenezaji wenyewe wanaliita thabiti au la majaribio, na litahudumiwa mpaka mwaka gani? Fundi asiyejua mwaka huo hajui anachoweka.

La pili: nakala ya mafaili iko wapi? Ziwe mbili, na moja isikae jengo moja na mashini. Waliopitia Mulongwe wanaelewa sababu.

La tatu: kazi itafanyika saa ngapi, na kwa umeme gani? Isifanyike usiku wa kuamkia taarifa kubwa, wala bila betri au jenereta ya kushikilia mpaka mwisho.

La nne ni la Debian, na linawanasa hata wazoefu. Katika faili linaloelekeza mashini mahali pa kuchukua programu, kumeandikwa nini? Kama kumeandikwa “stable”, basi tarehe 9 Agosti 2025 neno hilo liliacha kumaanisha Debian 12 na kuanza kumaanisha 13, na mashini iliyosasishwa siku iliyofuata bila kuangalia ilianza kuruka toleo zima. Kama kumeandikwa “testing”, siku hiyo hiyo iliendelea mbele kwenye rafu mpya ya majaribio. Jina la toleo lenyewe, bookworm kwa 12 au trixie kwa 13, ndilo la kuandika. Kisha mashini itahama siku ambayo mwenyewe ameamua. Na ikihama, ihame hatua moja moja: kutoka 11 hadi 12, ndipo 13, bila kuruka.

La tano: mega zitapatikanaje? Mafundi wa mji mmoja hawana sababu ya kila mmoja kununua mega zake kwa marekebisho yale yale. Debian ina programu iitwayo apt-offline, inayoruhusu kupakua marekebisho mahali penye intaneti na kuyapeleka kwa flashi kwenye mashini isiyo nayo. Na diski yoyote ya kusimika inayopita mkono hadi mkono ihakikiwe kwanza kwa namba ya SHA256 inayotolewa na watengenezaji, kwa maana flashi ya njiani hubeba zaidi ya unachokiona.

Wenye haki ya kuamua

Mara nyingi uamuzi huu hufanywa kati ya watu wawili, fundi na mkurugenzi, mlango ukiwa umefungwa. Wanaoubeba wako nje: msikilizaji wa Kavimvira, mvuvi wa Kilomoni anayengoja habari za upepo, familia iliyolala darasani kwa sababu nyumba yake iko nyuma ya mstari wa vita. Hao hawajui Debian wala Windows, na hawana haja ya kujua. Wanachojua ni kwamba redio ilisema itarudi hewani asubuhi.

Kutimiza ahadi hiyo ndiyo kazi ya tawi thabiti. Watengenezaji waligawa matawi wakijua kuna mashini ambazo watu huzitegemea na mashini ambazo watu hujifunzia. Fundi anayezichanganya hawezi kusema hakuambiwa. Limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Na mkurugenzi anayemwachia bila kumuuliza hawezi kusema kompyuta si kazi yake. Siku mashini itakapogoma, msikilizaji hatalitafuta jina la fundi. Atasema tu kwamba redio yao imenyamaza, na atakuwa amesema kweli.